Pilau Iliyomngoja Mwanamume wa Tatu

Hadi leo harufu ya mafuta ya mbuzi yaliyoganda juu ya wali hunichafua moyo. Sizungumzii pilau ya moto. Pilau ya moto hunukia bizari nyembamba na iliki, na haijamkosea mtu. Nazungumzia pilau iliyopikwa vizuri, ikaiva kwa wakati wake, kisha ikaachwa imefunikwa hadi mvuke ukageuka maji chini ya mfuniko na mafuta yakawa meupe kama mshumaa. Tangu nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili nimeosha vyombo katika jikoni nyingi, Naivasha, Voi, Nanyuki, kisha Naivasha tena, maana miguu yangu haijui kukaa. Kila ninapofunua sufuria ya jana na harufu ile ikanipanda puani, najikuta tena katika sebule yetu ya Malaz, Riyadh, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, nikimtazama Mzee Obadia akitafuta mwanamume.

Nitawasimulia habari yake, lakini msitarajie nimhurumie. Nimejaribu, imeshindikana.

Mama alikuwa nesi, na Baba alikuwa fundi umeme. Kila Ijumaa Wakristo wachache, Wakenya na Mtanzania mmoja, walikuja kwetu kusali na kula. Hatukuwa na kanisa, na nchi ile haikuwa ya kujengea kanisa. Tuliziba madirisha kwa mablanketi na kuimba midomo ikiwa imefungwa, mmm, mmm, kama nyuki ndani ya gunia. Upande wa pili wa ukuta wa jikoni waliishi majirani ambao tuliwasikia hata wakikohoa, kwa hiyo nao walitusikia. Jirani akiuliza, sisi watoto tulifundishwa kujibu kwamba ni sherehe ya kuzaliwa. Nadhani walituona familia ya ajabu sana, watu wanaozaliwa kila Ijumaa.

Mzee Obadia alikuwa mpima ardhi kutoka Machakos. Hakuna aliyemchagua awe mkubwa wetu. Alianza tu kukaa kwenye kiti cha Baba, na ukimwachia mtu kiti mara tatu kiti kimekuwa chake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na vidole safi, na ndevu alizifuga alipofika Uarabuni. Kazini, badala ya kupima ardhi, alisikiliza wahubiri kwenye simu. Mmoja wao, mtu wa kujifunika shuka lenye pindo, alikuwa amemwambia kwamba Mkristo asiyejua sheria ya Wayahudi ni tawi lisilojua shina lake. Basi Mzee Obadia akaanza kutuletea shina, kipande kwa kipande, kila Ijumaa. Na vipande vyote vilikuwa vya mwanzo, kwa sababu hakuwa mtu wa kusikiliza jambo hadi mwisho. Mama alisema kichwa cha Mzee kilikuwa kama duka la mitumba, shati unalipata lakini kifungo hupati.

Kipande kilichotuharibia chakula kiliitwa zimuni.

"Wayahudi," alisema Ijumaa moja, sahani zikiwa tayari mikononi mwetu, "hawaombei chakula ovyo ovyo. Lazima wawepo watatu waliokaa pamoja. Mmoja anawaalika wenzake kubariki, nao wanaitika. Hiyo ndiyo zimuni. Na watatu hao ni wanaume. Mwanamke hahesabiwi."

Mdogo wangu Musa, aliyekuwa na miaka mitatu na pua isiyokauka, alisikia zimwi. Akanidandia shingoni na kuniuliza kwa sauti kubwa kama zimwi linakuja kula na sisi. Kina mama walicheka kwa kujiziba mdomo, kama tulivyocheka siku zote katika nyumba ile. Mzee hakucheka. Tangu siku hiyo chakula chetu hakikufunuliwa hadi wanaume watatu wapatikane, yeye, Baba, na Kaka Elia.

Kaka Elia ndiye Mtanzania wetu, mtu wa Mbeya, mtaalamu wa maabara. Alikuwa amesoma kuliko wote mle ndani, na usomi huo wote aliutumia kusema "ndiyo mzee". Ningemweleza zaidi, lakini hana zaidi.

Na ilikuwa miaka gani hiyo? Ilikuwa miaka ambayo nchi ile ilikuwa inafungua madirisha yake moja moja. Wanawake walikuwa wanaanza kupewa leseni za kuendesha gari. Baba alishinda juu ya ngazi kule mtaa wa Sulimaniyah akifunga vipaza sauti katika migahawa ambayo zamani muziki haukuruhusiwa kusikika ndani yake. Watu wa pale wenyewe walitembea wakitabasamu, hawaamini. Sisi wageni, tuliotoka nchi ambayo mama zetu waliombea chakula tangu tunazaliwa, tukaagiza katazo jipya na kulileta hadi sebuleni kwetu. Hakuna Msaudia aliyetuomba tulilete.

Sasa nifike kwenye Ijumaa yenyewe.

Auntie Kalekye alikuwa mfanyakazi wa ndani. Alitoka kijiji kimoja na Mama kule Kitui, na mimi alininyoa nywele zangu za kwanza. Mwezi ule mama yake alifariki. Auntie alimwomba kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ruhusa ya kwenda kuzika, na kafili akasema mafi safari, hakuna safari, karatasi hazijakamilika. Mama yake akazikwa bila yeye, na Auntie ndiye kifungua mimba. Alichopata ni Ijumaa moja. Madam wake alimruhusu kutoka baada ya swala ya adhuhuri, na dereva wa nyumba angemfuata baada ya swala ya alasiri. Ruhusa kama ile wengine hawakuipata mwaka mzima.

Alikuja na mbuzi aliyemnunua mwenyewe, nyama imekatwa tayari ndani ya mfuko. Alimwambia Mama mlangoni, kabla hata ya kuvua abaya, "Dada, leo nataka nipike chakula cha mamangu. Nataka nikiombee mimi, nimtaje jina lake mbele za watu, tule, niende. Sitaki kingine."

Mama alimjibu, "Utakiombea."

Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu. Ndiyo maana yaliyofuata yalinikereketa.

Pilau iliiva mapema. Kina mama wanane walikaa kwenye zulia, sufuria katikati, na Auntie Kalekye akasimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akafumba macho.

"Kalekye," Mzee Obadia alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Keti kwanza, mwanangu. Tuko wawili. Baba Ndinda hajafika." Ndinda ni mimi.

"Mzee, ni chakula cha mamangu."

"Hasa kwa sababu hiyo. Tukibariki nje ya utaratibu, tumemfanyia nini marehemu?"

"Tuko wanane hapa, Mzee. Sisi ni nini, viazi?"

Vicheko vikazibwa kwa viganja. Kaka Elia alikohoa, akasema, "Labda, mzee, kwa heshima zote, kwa leo tu..." Mzee akamtazama. "Ndiyo mzee," akasema Kaka Elia, akarudi kuchunguza kucha zake.

Baba akapigiwa simu. Tulimsikia wote, kwa kuwa Baba huongea na simu kama anayeongea na mtu wa ng'ambo ya bonde. "Niko juu ya ngazi! Bosi amesimama hapo chini! Yalla, nakuja, nakuja!"

Basi tukangoja.

Na tukiwa tunangoja hivyo, niwaambie jambo ambalo sikulijua siku ile. Nililijua miaka mingi baadaye, Nanyuki, nikiwa nasafisha meza katika nyumba ya wageni. Alifika mama mmoja Myahudi mwenye mvi, pamoja na binti zake wawili. Walikula, wakashiba. Nilipokuja kuondoa sahani aliinua kidole nisubiri, akasema maneno kwa lugha yao, binti zake wakaitika, akaendelea. Nikamkumbuka Mzee Obadia. Mimi ni mtu wa kuuliza, na kuuliza kumenifukuzisha kazi zaidi ya mara moja, lakini siwezi kuacha. Nikamuuliza kama hiyo ni zimuni. Alishangaa hadi akavua miwani.

Alinieleza kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. Kwanza, mwaliko ule si wa kabla ya kula. Ni wa baada. Unakula, unashiba, ndipo unawaalika wenzako kumshukuru Mungu. Kabla ya kula kila mtu huubariki mkate wake na kuendelea, hamngoji yeyote. Pili, ni kweli sheria yao ya zamani haimhesabu mwanamke kukamilisha wanaume watatu. Siku hizi wako wanaomhesabu na wako wasiomhesabu, na wanabishana kweli kweli. Lakini wanawake watatu waliokula peke yao wanaweza kualikana wenyewe kwa wenyewe, na hilo si jambo la jana, wazee wao wa kale walikwisha kulisema. "Ndivyo tulivyofanya sasa hivi," alisema. Nikamweleza kuhusu Mzee Obadia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu, "Na chakula kilikuwa kinapoa wakati huo wote?"

Kwa hiyo sina neno na Wayahudi. Wao wana sheria, wameisoma, wanaijadili, na chakula wanakula kikiwa cha moto. Neno langu ni na mtu aliyeokota sheria ya watu wengine barabarani, akaivaa nyuma mbele, na kuwakalisha wanawake wanane na njaa wakisubiri kushukuru kwa chakula ambacho hawajakionja.

Turudi Malaz. Mvuke ulikwisha chini ya mfuniko. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, na kila mara Auntie Kalekye alimtazama. Mimi pia nilimtazama. Aliyesema "utakiombea" alikuwa yeye, na nyumba ilikuwa yake, na sufuria ilikuwa yake. Hakusema kitu. Nikamvuta kanga, nikamnong'oneza, "Mama, si ufunue tu?" Alinifinya begani hadi nikaona nyota, bila kuondoa macho ukutani.

Adhana ya alasiri ikaanza kwenye msikiti wa karibu, kisha wa mbali, kisha yote. Auntie Kalekye alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Hata Mzee aliona kwamba muda umekwisha, naye hakutaka isemekane marehemu alinyimwa. Akafikiri, akashika ndevu, na pale ndipo alipopata wazo ambalo hata leo nikilikumbuka peke yangu barabarani hunifanya niseme "mtu huyu!" kwa sauti.

"Tutamhesabu Musa," alisema.

Musa alikuwa chini ya meza, amevaa shati bila suruali, akilamba kijiko. Mjue kwamba mama yule wa Nanyuki alinieleza wazee wao walijadili hata hilo la mtoto, na waliomkubali walitaka awe mtoto anayemjua Mungu anayebarikiwa. Musa alikuwa hajui hata pua yake iko wapi. Lakini alikuwa mwanamume, na hilo kwa Mzee Obadia lilitosha. Auntie Kalekye, mwenye miaka thelathini na kitu, aliyemnunua mbuzi na kumpika, hakutosha.

Kaka Elia akatumwa kumtoa. Akamvuta kwa mguu, akamsimamisha kati yao, na Mzee akamwinamia na ndevu zake zote. "Musa, mwanangu, sasa tunafanya zimuni."

Musa akamtazama usoni. Nadhani kwa mara ya kwanza alielewa zimwi ni nani. Alipiga ukelele ambao haukuwahi kusikika katika nyumba ile ya minong'ono, akakojoa papo hapo, kwenye soksi za Mzee, soksi nyeupe, akakimbilia chini ya meza.

Hakuna aliyecheka. Ndicho kilichonishangaza. Wote waligeuka kutazama ukuta wa jikoni. Upande wa pili, jirani aliyekuwa akiongea alinyamaza. Tulikaa hivyo, hatupumui, hadi tuliposikia sauti za kwao zikiendelea.

Kisha honi ikalia barabarani. Ilikuwa ya dereva.

Auntie Kalekye akainuka na kuvaa abaya. Mama alikuwa amekwisha kumfungia pilau kwenye karatasi ya foili, akamshikisha. Auntie akairudisha.

"Chakula cha mamangu sikili kwa gari kama mwizi," alisema. Akamgeukia Mzee. "Asante, Mzee. Umeilinda sana hiyo sufuria."

Akashuka. Kwenye ngazi alipishana na Baba aliyekuwa akipanda mbio, vumbi la ukuta kichwani. Baba hakujua lolote, akamsalimia kwa furaha. Alipoingia tu, kabla hajavua viatu, Mzee Obadia, soksi zikimchuruzika, aliinua mikono na kusema, "Sasa tumetimia."

Wakabariki. Wanaume wakala. Mafuta yaliwaganda kwenye midomo.

Usiku ule nilimwambia Mama kwamba yeye ni mwoga. Nilitegemea kofi. Alisema tu, "Lala, Ndinda," na akazima taa. Nikalala nikiwa nimemweka kwenye kapu moja na Kaka Elia, na akakaa humo miaka mingi.

Miezi ikapita. Bosi wa Auntie Kalekye alihamishia familia yake Jeddah, mtaa wa Safa, naye akahamishwa nayo kama makabati. Shule zilipofunga, Mama alitupandisha basi, mimi na Musa, jangwa zima, hadi Jeddah yenye joto la kukamua shati. Madam wa Auntie alikuwa na leseni mpya na gari jipya, na alikuwa akitafuta sababu za kutoka, mara amesahau maziwa, mara amesahau mkate. Alituruhusu tumtembelee mfanyakazi wake jikoni.

Auntie alikaanga samaki, akapika wali wa vitunguu vilivyoungua kidogo, wa rangi ya kahawia, kama wanavyopenda kule pwani yao. Akatandaza plastiki sakafuni. Tukakaa. Na hapo hapo, bila kuuliza mtu, akafumba macho na kuanza kuomba kwa Kikamba, si kwa kunong'ona, kwa sauti yake ya kawaida. Alimtaja mama yake kwa jina. Akataja shamba lake, na mguu wake uliokuwa ukimuuma, na mbuzi wake mmoja mmoja. Mama alilia kimyakimya.

Mlango wa jikoni ukafunguka, na madam akaingia kufuata funguo za gari.

Huyu ndiye tuliyekuwa tukiziba madirisha kwa mablanketi kwa ajili yake, yeye na watu wa kwao. Mama alishika goti langu. Auntie Kalekye alimwona, nina hakika alimwona kwa sababu alifumbua jicho moja, na hakunyamaza. Madam alisimama, mkono juu ya funguo, akamtazama mfanyakazi wake aliyepiga magoti mbele ya samaki huku machozi yakimtoka. Sijui alielewa nini, Kikamba hakukijua. Alingoja hadi Auntie akamaliza. Kisha akasema, "Amin." Akachukua funguo. "Yalla, kuleni, kinapoa."

Tukala samaki wa moto. Sijawahi kula samaki kama yule.

Mama na mimi tulikuja kuyazungumza mambo haya nilipokuwa mtu mzima, nikipita nyumbani Kitui kati ya kazi moja na nyingine. Nilimuuliza waziwazi, kwa nini siku ile hakufunua sufuria.

Aliendelea kuchambua mchele. "Ningemwambia nini yule mzee? Nikianza kumwambia, ningenong'ona?" Akapeperusha makapi. "Mimi najijua, Ndinda. Ningempigia kelele hadi Sulimaniyah wasikie. Na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Jirani angepiga simu, tungeulizwa ni sherehe gani ina vitabu vya nyimbo. Kina mama wote wale wangeshikwa na ikama zao, vibali vyao vya ukaazi, mkononi, na Kalekye wa kwanza. Nilichagua alale njaa."

Nilikuwa nimedhani kuna waoga wawili katika sebule ile, Mama na Kaka Elia. Hesabu yangu ilikuwa mbovu kama ya Mzee.

Mwaka huu nilialikwa kwenye harusi Machakos, uwanja wa shule, mahema, vipaza sauti vya kupasua masikio. Mchungaji alikuwa mwanamke mnene mwenye suti ya bluu. Alishika maikrofoni na kuombea chakula kwa sauti iliyofika barabara kuu, na aliomba kirefu. Mezani mbele yangu alikaa mzee mmoja mwenye vidole safi. Ndevu alikuwa amezinyoa, lakini vidole vile nilivijua. Sahani yake ilikuwa imejaa tayari, kichwa ameinamisha. Ukuta haukuwepo, jirani hakuwepo, na wanawake waliomzunguka walikuwa na sauti zao zote. Sikumsikia akihesabu wanaume. Mchungaji alipofika mwisho, Mzee Obadia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Amina, na aliisema kwa sauti kubwa, mdomo ukiwa na kipande cha nyama tayari.